Chakula cha kununua kwa samaki wadogo wakorofi kwenye tangi jipya

Ukiona mapezi ya samaki wako yamechanika, usikimbilie kuongeza chakula. Barbi wa milia (Puntigrus tetrazona), samaki wa Sumatra na Borneo mwenye milia minne myeusi, hung'ata wenzake hata akiwa ameshiba. Tetra serpae wa Amerika Kusini ana tabia hiyohiyo. Hawa ni samaki wa kundi, na kundi lao lina wakubwa na wanyonge. Wakiwa wawili au watatu, mnyonge hana pa kujificha. Wakiwa 8 au zaidi, ndani ya lita 100 hivi, wanafukuzana wao kwa wao na hakuna anayeandamwa peke yake. Kwa hiyo kama hela inatosha kwa samaki wanne na makopo matatu ya chakula, nunua samaki zaidi na kopo moja.

Tatizo la tangi jipya ni maji. Bakteria wanaobadili amonia (sumu itokayo kwenye kinyesi na chakula kilichooza) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo kali hivyo, huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye chujio. Kabla ya hapo, kila punje iliyooza chini inageuka amonia inayounguza matamvua. Ndiyo sababu sikupanga aina tano za chakula zinazofuata kwa ubora wa viungo peke yake. Nimeangalia pia kinachobaki majini, na kama mnyonge wa kundi anapata riziki yake.

Nafasi ya kwanza naipa punje ndogo zinazozama polepole, zenye upana wa milimita 1 au chini ya hapo. Hakuna kinachozikaribia. Zimwage kidogo uone: wababe wanazivamia zikiwa bado juu, zinazowaponyoka zinashuka taratibu, na hapo katikati ndipo wale waliosukumwa pembeni wanapodaka. Punje inayoelea tu hainufaishi kundi la namna hii, maana wababe wanaukalia uso wa maji. Inayozama kama jiwe inaishia kwenye changarawe. Punje pia huhesabika, kwa hiyo unajua umetoa ngapi. Soma kopo: viungo vya mwanzo viwe samaki, uduvi au wadudu, si ngano, na pawepo kiungo cha mimea au cha mwani kama spirulina, kwa sababu barbi hula vyote.

Ya pili ni uduvi wadogo wa artemia waliogandishwa. Samaki wanawapenda mno, na wenye rangi iliyofifia kwa safari huanza kula haraka wakipewa hawa. Usitupe kipande kizima tangini. Kiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, kichuje kwa wavu mdogo, umwage yale maji yenye ukungu, kisha utoe uduvi kidogo kidogo, kwa mafungu madogo mawili matatu. Yale maji ya kuyeyushia ni uchafu mtupu kwa tangi lisilokomaa. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Fleki, vile vipande vyembamba kama karatasi, nimeziweka ya tatu, ingawa ndizo wengi hununua kwanza. Zinafaa, ila zinasambaa, zinasagika na kuingia kwenye chujio, na ni rahisi kuzidisha. Ukizichagua, nunua kopo dogo. Kopo likishafunguliwa vitamini hupungua, hasa vitamini C, na unyevu ukiingia chakula kimeharibika.

Minyoo wekundu waliogandishwa ni wa nne: kitoweo cha siku moja moja, si mlo. Vyakula vilivyokaushwa ni vya tano, na lazima uviloweke kwanza, kwa kuwa vikiwa vikavu vinavimba tumboni mwa samaki mwenye pupa. Na barbi ana pupa kweli. Minyoo hai ya tubifex sishauri kabisa kwa tangi jipya. Hutoka kwenye matope machafu na inaweza kuleta magonjwa.

Namna ya kutoa ina uzito sawa na ulichonunua. Wiki za mwanzo lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika 2, na siku moja kwa wiki wasile kabisa. Samaki mwenye afya hafi kwa kufunga siku moja. Mwaga chakula ncha mbili za tangi kwa wakati mmoja. Mbabe hawezi kulinda pande zote mbili, na ugomvi wa mlo hupungua pale pale. Kilichobaki kivute kwa mpira wa kunyonyea maji.

Kabla ya kununua chakula cha pili, nunua vipimo vya amonia na nitriti. Vyote viwili vinapaswa kusoma sifuri. Amonia ikionekana, acha kulisha siku hiyo na ubadilishe robo hadi nusu ya maji, yakiwa yameondolewa klorini na kuwa na joto sawa na la tangi, nyuzi 23 hadi 26. Kama bado hujanunua samaki, komaza chujio kwanza kwa kuweka amonia bila samaki. Hapo utaweza kuingiza kundi zima kwa pamoja, na hakuna atakayefika wa kwanza akajitwalia tangi.