Narcan ya puani, miligramu 4: boksi zuri, kasoro yake ni kufichwa

Tangu Septemba 2023 Narcan ya kupuliza puani inauzwa Marekani bila cheti cha daktari, baada ya FDA, mamlaka ya dawa ya huko, kuiruhusu mwezi Machi mwaka huohuo. Ndani ya boksi mna vipulizi viwili, kila kimoja na miligramu 4 za naloksoni, ndiyo dawa yenyewe. Bei ilipoingia madukani ilikuwa dola 45 hivi. Kwa mtu aliyezidisha heroini, fentanili au vidonge vya maumivu kama oksikodoni, zaidi ya naloksoni hakuna kingine utakachokikuta dukani cha kumrudishia pumzi. Kama dawa, tunaipa alama zote.

Kuitumia ni rahisi, ila kuna mahali watu wanakosea. Kwanza hakikisha: sugua mfupa wa kifua kwa ngumi. Kama hashtuki, anakoroma kwa shida au hapumui, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, au kucha na ndani ya midomo kumegeuka kijivu, piga simu ya dharura na usingoje. Mlaze chali, shika shingo kwa chini ili kichwa kiegemee nyuma. Chana foili, weka kidole gumba chini ya kitufe chekundu na vidole viwili ubavuni mwa ncha, ingiza mpaka vidole viguse pua, kisha bonyeza hadi mwisho. Usikijaribu hewani kwanza. Kipulizi kina dozi moja tu ya mililita 0.1, ukiipuliza hewani, basi imekwenda. Na usisubiri avute hewa, maana dawa inafyonzwa na ngozi laini ya ndani ya pua hata kwa asiyepumua.

Baada ya hapo wengi hukaa na kutazama, na hilo ndilo kosa baya zaidi. Ubongo hauingojei dawa. Kama hapumui, mbane pua na umpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5. Zikipita dakika 2 hadi 3 bila mabadiliko, tumia kipulizi cha pili kwenye tundu la pili la pua. Akianza kupumua, mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi, na mtu abaki naye. Naloksoni huisha nguvu kati ya dakika 30 na 90, wakati methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo anaweza kuzama tena. Ataamka na arosto, yaani mateso ya kukatikiwa na unga, pengine na hasira, akitaka kutumia tena palepale. Asiachiwe.

Hakuna anayeweza kujipulizia akiwa amezimia. Kwa sababu hiyo boksi lililofichwa chini ya nguo kabatini halina faida hata kidogo. Watu hulificha kwa aibu, na maduka nayo huzidisha aibu hiyo kwa kulifungia nyuma ya kaunta, mteja aliombe mbele ya foleni huku akiogopa kuitwa teja, au mama wa teja. Huna haja ya kujieleza. Sema, “Naomba Narcan ya kuweka nyumbani,” lipa, ondoka. Bei ikikushinda, ulizia idara ya afya ya eneo lako. Nyingi hugawa bure. Ukifika nyumbani, kila mkubwa aonyeshwe lilipo.

Wanaodai inawapa watu moyo wa kutumia unga hawajaona inavyofanya kazi. Haina stimu yoyote. Inachomletea mtumiaji ni arosto. Kumpulizia asiyetumia unga hakumdhuru. Na mwenye hatari kubwa kuliko wote ni yule aliyetoka jela au sober house (nyumba ya kuachia unga), kwa kuwa mwili umeshasahau kipimo chake cha zamani. Familia iliyofurahi kwamba “ameacha” ndiyo inayotakiwa kuwa na boksi wiki hiyo.

Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, inayofahamika zaidi ni ampuli, kichupa cha kioo cha naloksoni ya sindano, ya miligramu 0.4 katika mililita 1. Ni rahisi mno kwa bei na inafanya kazi vizuri: vuta dawa yote, choma msuli wa paja au wa juu ya mkono, hata kupitia nguo. Ubaya wake ni kuvunja kioo kwa mikono inayotetemeka gizani, na hofu ya polisi kumkuta mtu na sindano mfukoni. Tena ampuli hukaa zaidi hospitalini na kwenye kliniki za methadoni, kama ya Muhimbili iliyoanza 2011, ilhali anayezidisha yuko maskani. Huko atamwagiwa maji au kunyweshwa maziwa, na maziwa kwa asiye na fahamu huishia mapafuni.

Kloxxado, kipulizi kingine cha naloksoni, cha miligramu 8, hatuipendekezi. Polisi wa jimbo la New York waliitumia sambamba na ya miligramu 4, na ripoti ya 2024 ilionyesha idadi ya waliopona haikutofautiana, ila waliopewa 8 walipata arosto zaidi, pamoja na kutapika.

Hifadhi boksi la Narcan chini ya nyuzi 25. Kwa muda mfupi linavumilia hadi 40, lakini gari lililofungwa juani hupita hapo. Maboksi yanayotengenezwa tangu Januari 2024 yana muda wa miaka 4. Lililopita tarehe libadilishe, ila kama ndilo pekee ulilonalo na mtu hapumui, litumie.