Miaka miwili na Suzuki Swift Sport jijini Arusha: uzoefu wangu

Nilinunua Suzuki Swift Sport ya mwaka 2012, yenye gia sita za mkono, kwa sababu nilikuwa nimechoka na gari ambalo kazi yake ilikuwa kunifikisha tu. Sina gari jingine. Hili ndilo linalonitoa Njiro kwenda kazini mjini, ndilo linalobeba watoto wawili na mabegi yao ya shule, ndilo linalokwenda Soko la Kilombero siku ya Jumamosi, na mara tatu au nne kwa mwaka ndilo linalopanda Machame kumwona mama.

Injini yake ni ya lita 1.6 isiyo na turbo, na nguvu zake za farasi 136 hupatikana mizunguko ikifika 6,900 kwa dakika, kiwango ambacho kwenye foleni ya Kijenge hakuna mwenye akili timamu anayekitafuta. Chini ya mizunguko 4,000 gari hili ni pole kuliko watu wanavyodhani wanapoona mabomba mawili ya ekzosi nyuma. Isitoshe, Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa bila kusaidiwa na turbo lazima ipungukiwe. Nilipoteremka Tanga kwa mara ya kwanza nilidhani kuna mtu ameifanyia matengenezo usiku. Kinacholiokoa ni uzito wake mdogo, kama kilo 1,050 hivi, pamoja na usukani unaojibu mara tu mkono unapogeuka. Raha yake basi haihitaji mwendo wa kasi. Ukitoka njia panda ya Machame na kuanza kupandisha ile barabara ya lami yenye kona, ukiwa gia ya tatu na mwendo ambao hata askari mwenye tochi hatakuwa na la kusema, utaelewa kwa nini mtu anaweza kulipenda gari dogo namna hii.

Tatizo ni kimo. Nilijua liko chini, lakini kujua na kusikia bampa likikwaruza ni mambo mawili tofauti. Rasta zilizo kabla ya vivuko vya watembea kwa miguu hazilidhuru, zinakera tu, kwa sababu lina shokapu ngumu na kila mstari unaufikia mgongo wako. Matuta ya mitaani, yaliyojengwa na wananchi wenyewe kwa zege na hasira, ndiyo yanayonifanya nipite mshazari, tairi moja moja, huku bodaboda nyuma yangu ikipiga honi.

Tairi zilizokuja nalo zilikuwa 195/45 za rimu ya inchi 17, yaani upana wa milimita 195 na ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, ambao ni milimita 88 tu. Baada ya kupinda rimu mbili katika msimu mmoja wa masika, nilihamia rimu za inchi 16 na tairi za 195/55. Ubavu ukafika milimita 107, gari likainuka kwa milimita saba hivi, na watoto wakaacha kulalamika huko nyuma. Jambo moja la kuangalia ni kwamba kipimo cha mwendo sasa kinasoma chini kidogo kuliko mwanzo: pale kilipokuwa kikionyesha 50 sasa kinaonyesha 49, na kwenye barabara ya Moshi, ambako vijiji vyenye kikomo cha 50 vimefuatana kama shanga, nimejifunza kubaki chini ya hapo kidogo.

Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba spea tairi ipo. Sikufunua zulia la buti, na kosa hilo ni langu. Nilipopata pancha Kikatiti saa tatu usiku, nilikuta chini ya zulia chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, navyo havisaidii kitu tairi ikiwa imechanika ubavuni. Tangu siku hiyo ninatembea na tairi kamili, ambayo imekula nusu ya buti, na gunia la viazi hukaa kwenye kiti cha nyuma katikati ya watoto.

Upande wa mafuta sina malalamiko: mjini ninapata kilomita 11 hadi 12 kwa lita, safari ndefu 15, na tangi ni la lita 42. Injini inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na familia hiyo hiyo ya injini imo katika Suzuki SX4, hivyo plagi na chujio la oili sijawahi kuzihangaikia. Vitu vya bodi ni habari nyingine. Bampa la mbele nililisubiri wiki sita. Kuhusu gia za mkono, kijana wa kuosha magari alilizima mara tatu akijaribu kulisogeza, na sasa ananisubiri nilisogeze mwenyewe.

Fundi wangu amependekeza kuweka spesa, yaani vipande vya kuinulia springi, ili liinuke sentimita tatu. Nimekataa, kwa kuwa usukani ule ndio nilioununua, na sioni sababu ya kuuharibu kwa ajili ya njia moja. Njia yenyewe ni ile ya kuingia nyumbani kwa mama, kati ya migomba, ambako mvua imechimba mikondo miwili ya magurudumu na kuacha mgongo wa udongo katikati. Krismasi iliyopita gari lililala juu ya mgongo huo, magurudumu yakizunguka bure, hadi vijana wanne walipolinyanyua.

“Mwanangu,” mama alisema akiwa amejishika kiuno, “gari lako limekaa kama kuku anayeatamia.”

Siku hizi ninaliacha kwenye uwanja wa kanisa na kumalizia mita mia tatu kwa miguu, mafuta ya kula mkono mmoja na mchele mkono mwingine.