Uchambuzi wa Santuri: "Abraxas" ya Santana kwa Sikio Lililolelewa na Dansi

Assalaam alaykum, watazamaji wangu, na karibuni. Nazungumza nanyi kutoka Ngamiani, hapa Tanga, na bidhaa iliyo mezani leo ni santuri ya Abraxas ya bendi ya Santana, iliyotolewa Marekani mwaka 1970. Nakala hii ilikuwa ya baba yangu mdogo, aliyeipata kwa baharia mmoja bandarini, nami niliisikiliza utotoni kabla sijajua kwamba kuna muziki uitwao roki.

Jalada lake nyumbani kwetu lilizua mjadala. Ni mchoro wa Mati Klarwein wa mwaka 1961, unaohusu malaika kumpasha habari Mariamu, ila mwanamke aliyechorwa ni mweusi na yu uchi, na malaika mwekundu amebana ngoma ya tumba kwa miguu yake. Bibi aliamuru jalada livalishwe gazeti, na kwa amri hiyo, marehemu bibi wa watu, rangi hizi bado zimekoza.

Kwa mtoto aliyekulia katika mji wa bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, upande wa kwanza haukuwa mgeni sana. Oye Como Va, wimbo ambao Tito Puente aliutunga na kuurekodi mwaka 1962, ni chacha, ndugu wa karibu wa midundo ya Kuba iliyofika Afrika Mashariki kwa santuri za GV, mfululizo wa santuri za muziki wa Kilatini, na kuwafunza wanamuziki wetu wengi. Puente aliupamba kwa filimbi. Santana waliziondoa, mahali pake wakaweka gita la umeme la Carlos Santana na ogani ya Hammond, yaani kinanda cha umeme, ya Gregg Rolie, huku Michael Carabello akiwa kwenye tumba na José Areas kwenye ngoma za timbale. Miguu inautambua mdundo mara moja, lakini sikio linashtuka, kwa kuwa gita hili halidonoi noti nyepesi zinazofuatana kama magita yetu ya solo. Linaishika noti moja, linaivuta na kuiacha ilie mpaka ianze kukwaruza, kwa sababu amplifaya imefunguliwa kupita kiasi. Mkwaruzo huo ndio ulioninasa, na hadi leo ndio ninaoutafuta katika kila santuri ya roki ninayoinunua.

Black Magic Woman, utunzi wa Peter Green wa bendi ya Fleetwood Mac, umetoka kwenye bluzi, nao unaunganishwa na Gypsy Queen ya mpiga gita Gábor Szabó pasipo kituo. Samba Pa Ti hauna mwimbaji, wala haumhitaji: gita linaanza taratibu, kisha katikati mwendo unabadilika na tumba zinalisukuma. Kwa maoni yangu, hakuna kipande kilicho bora kuliko hiki katika santuri nzima.

Upande wa pili una Hope You're Feeling Better, utunzi wa Rolie, ambao ni roki nzito isiyo na chacha ya kumbembeleza msikilizaji. Nyumbani kwetu sindano iliinuliwa kila ulipoanza. Hata hivyo, ni ogani yake inayonguruma iliyonipeleka baadaye kwa bendi ya roki ya Deep Purple na mpiga ogani wao, Jon Lord, na kutoka hapo sikurudi nyuma. Kasoro zipo: kipande cha ufunguzi kinakawia kushika kasi, na El Nicoya unakatika ukiwa bado haujafika dakika mbili.

Ukikuta nakala ya mitumba, itoe kwenye jalada na uiinamishe kwenye mwanga ili uone mikwaruzo, halafu iangalie kwa ubavu kama imepinda. Hewa ya pwani yetu huleta ukungu, kwa hiyo santuri zihifadhiwe zikiwa zimesimama, mbali na ukuta wenye unyevu. Asiye na gramafoni aitafute kwenye intaneti, avae spika za masikioni, na aanzie Oye Como Va.