Mfuko wa tabaka tatu au ndoo: kipi kinazuia wadudu jikoni Dar?

Haya wapendwa, karibuni. Leo mezani nina mfuko wa kuhifadhia nafaka, ule wa tabaka tatu mnaouita PICS, na pembeni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Kwa joto na unyevu wetu huu wa Dar, kipi kinafaa?

Niufungue muone. Nje ni salfeti la kawaida. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwenzake. Dawa hakuna. Wadudu walioingia na nafaka wanapumua humo humo mpaka oksijeni inakwisha, wanaacha kula, wanakufa. Ndiyo maana kila tabaka linafungwa peke yake: kamua hewa, sokota shingo, ikunje, kaza kamba. Kabla ya kujaza, tia hewa kwenye nailoni, uibane hivi, usikilize. Ikivuja, rudisha dukani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za wakulima wa Cameroon. Mkulima anafunga, anasahau kwa miezi. Wewe wa Sinza unayechota mchele kila jioni unawapelekea wadudu hewa mpya kila siku. Hapo umenunua salfeti la bei mbaya tu.

Ila kama mzigo umeshuka na basi kutoka Songea au Kyela, na hutaugusa leo wala kesho, chukua mfuko. Kwa mahindi ndiyo kabisa, maana kuna dumuzi, mdudu yule mtoboa mahindi ambaye wengine wanamwita Scania. Alitokea Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na akishaingia anakuachia vumbi. Weka mfuko juu ya chaga, mbali na ukuta, panya asitoboe.

Nafaka iwe kavu lakini! Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, anika tena. Ukifungia unyevu unakaribisha ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu.

Unga? Ndoo, bila ubishi. Ukitoka mashine uache upoe kwanza, na usimwage mpya juu ya wa zamani. Dona nunua kidogo kidogo. Ina mafuta ya kiini, inachacha hata bila mdudu. Mwenye friza alaze pakiti siku nne, mayai ya wadudu yanakufa. Ikitoka, acha ubaridi uishe kabla hujafungua.

Majani ya mwarobaini na pilipili kavu vinafukuza kiasi, ila fukusi aliye ndani ya punje hana habari navyo. Na vile vidonge vya kufukizia maghala, mnavyouziwa kimoja kimoja, msiviingize kabisa kwenye nyumba mnayolala. Gesi yake inaua watu.