Wiki tano na miwani ya VR: nilisogelea kila kitu isipokuwa maandishi

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mbeya, nina ualbino, na macho yangu yanapimwa 6/36 nikiwa nimevaa miwani. Kwa asiyeijua hesabu hiyo: herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 36, mimi lazima niifuate hadi mita 6. Basi maisha yangu ni ya kusogea. Nasogea ubaoni, nasogelea kibao cha daladala pale Kabwe mpaka konda anadhani nimekuja kugombana, na simu naisoma pua ikigusa kioo. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo hapa mjini, alipokuja na miwani ya VR ya mtumba, ile inayofunika macho yote na kukuonyesha picha kana kwamba umo ndani yake, akaniambia, "Shangazi, hii inakaa palepale machoni, lazima utaona," nilicheka. Hata televisheni huwa naiwekea uso palepale.

Nimekaa nayo wiki tano. Ni ya bei ya kati, ile aina inayojitegemea bila kuunganishwa na kompyuta, uzito wake umezidi nusu kilo kidogo. Ninachoandika ni kwa ajili ya wenzangu wenye uoni hafifu wanaojiuliza kama kitu hiki, uhalisia pepe kama wanavyouita, kinatufaa au ni mchezo wa vijana wenye macho yao.

Kuivaa ni kazi. Kama unatumia miwani ya kawaida, hauivui, unavaa hii juu yake. Watu wengi hudhani kwa kuwa skrini iko sentimita chache kutoka jichoni, basi asiyeona mbali ataona bila miwani. Sivyo. Lenzi za ndani zinaipeleka picha mbele, jicho linaiona kana kwamba iko mita moja na nusu au mbili hivi. Namba yako ya miwani inabaki ileile. Mtoto wa kaka aliweka kile kipande cha plastiki kinachoongeza nafasi, vinginevyo vioo vyangu vingekwaruzana na lenzi zake. Asubuhi za mwezi wa saba, kwa baridi yetu hii, lenzi zilikuwa zinaingia ukungu kabla sijafunga mkanda vizuri. Nilijifunza kuilaza jikoni karibu na jiko la mkaa, mbali kiasi, ipate joto.

Siku moja niliianika dirishani nikidhani naikausha. Kijana alipiga kelele kana kwamba nimemwagia chai kwenye kompyuta yake. Kumbe jua likipita kwenye lenzi hizo linaunguza skrini ya ndani, kama tulivyokuwa tunachoma karatasi kwa kioo cha kukuzia tukiwa wadogo. Ukinunua, iwekee kifuniko. Na sisi wa huku juu, kwenye mita 1,700 na kitu, tunalijua jua letu: hewa ni ya baridi lakini linachoma.

Na hilo jua ndilo jambo la kwanza lililonishangaza. Ndani ya miwani halipo. Macho yangu hayapendi mwanga. Darasani nimezoea kukaa nimeyapa madirisha mgongo, na barabarani natembea nimekunja uso chini ya kofia pana. Nilipopunguza mwanga wa skrini, nikachagua mandhari meusi, baada ya dakika kumi hivi nilishika paji la uso wangu nikakuta halina mkunjo. Sikuwa nimetegemea kupumzika ndani ya mashine.

Jambo la pili ni ramani, na hapo nitakaa kidogo.

Kijana alikwenda duka moja la steshenari Mwanjelwa akaskani ramani ya Nyanda za Juu Kusini kutoka atlasi yangu ya shule, kwa ukubwa wa juu kabisa ambao mashine yao iliweza. Tukaifungua kwenye kivinjari cha miwani, akaivuta mpaka ikawa ukuta mzima wa sebule. Tulitoa viti nje. Nikaanza Tunduma, mkono wa kushoto, nikatembea. Vwawa. Mlowo. Mbalizi. Nilipofika Mbeya nikasimama, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona mahali ninapoishi pamoja na majirani zake wote kwa wakati mmoja: Rukwa juu kushoto, Nyasa chini kulia, Usangu juu kulia, na sisi katikati pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, Rungwe ikiwa imekaa juu ya mkutano wenyewe. Nikaendelea hadi Igawa, kisha Makambako, nikagonga kabati la vyombo.

Jambo hilo nimelifundisha miaka 16. Nalijua kwa moyo, naweza kulichora ubaoni. Lakini nilikuwa nalijua kama mtu anayesoma khanga kupitia tundu la ufunguo: jina moja, kisha pindo, kisha jina jingine, halafu unaunganisha mwenyewe kichwani. Kwenye karatasi, nikisogea niweze kusoma neno "Ihefu" siuoni tena mto wenyewe. Nikirudi nyuma niuone Ruaha Mkuu unavyokusanya vijito vya Uporoto na Kipengere mpaka Mtera, majina yote yamegeuka vumbi. Humu ndani nilirudi nyuma hatua mbili, nikauona mto. Nikasonga mbele hatua mbili, nikasoma. Sikuinama. Shingo haikuuma.

Nilimuuliza daktari wa macho kwa nini nilikaa nusu saa kwenye ramani bila kuumwa kichwa, wakati atlasi hunichosha kwa dakika kumi. Alinieleza vizuri. Ukisogelea kitabu, jicho linalazimika kujikaza ili lilenge karibu, na kwa umri wangu wa miaka 43 uwezo huo unapungua kila mwaka. Ndani ya VR unaposogea picha inakua, lakini lenzi bado zinaliambia jicho kwamba kitu kiko mita zilezile mbili. Wenye macho mazima wanalalamikia jambo hilo, linawachanganya, maana macho yao mawili yanageuka kana kwamba kitu kiko karibu huku ulengaji wa lenzi ya jicho ukibaki mbali. Wengine huumwa kichwa nalo. Mimi limeniponya. Kwao ni kasoro, kwangu ni tiba.

Kuna kasoro yao nyingine ambayo kwangu si kitu. Kijana alikuwa akilalamika kwamba picha ina "chenga", anaona vijinukta. Mimi sizioni. Jicho zima linatofautisha pikseli 60 hivi ndani ya nyuzi moja ya upana wa kuona. Miwani za bei ya kati huwa na kati ya 20 na 25. Kwa hesabu hiyohiyo, jicho langu la 6/36 linaishia kwenye 10. Yaani mashine anayoiona haba ina ziada ya kunitosha mara mbili. Mwenye macho kama yangu asidanganywe na muuzaji anayesukuma toleo ghali kwa sababu ya pikseli.

Sasa maandishi.

Kila kitu humo ndani unaweza kukisogelea: samaki, mlima, meza, ukuta. Isipokuwa maneno ya kukuambia ufanye nini. Ujumbe wa betri, onyo la kwamba umekaribia mpaka wa eneo lako la kuchezea, maelekezo ya mwanzo wa mchezo, vyote vimebandikwa mbele ya kichwa chako. Ukisogea navyo vinasogea, ukirudi navyo vinarudi, kama kivuli chako saa nne asubuhi. Nimetembea sebuleni kwangu nikifukuza sentensi moja mpaka nikaipiga stuli teke. Baadaye kijana alinisomea: ilikuwa inaniambia nisimame mahali salama.

Herufi zenyewe ni za kijivu juu ya nyeupe. Kuna mahali pa kuongeza ukubwa wa maandishi, nimepatumia, na menyu kuu ikanenepa kidogo kama mtoto aliyetoka kuugua. Ukiingia kwenye programu nyingine yoyote, yanarudi yaleyale madogo. Mstari wa mpaka wa eneo la kuchezea ni mwembamba mno kwangu. Nimevunja kikombe kimoja, na nilishasema habari za kabati. Kiswahili hakimo. Kuiwasha mara ya kwanza, kuandika nywila kwa kunyooshea herufi mojamoja mshale unaotetemeka, ni kazi ambayo singeiweza peke yangu, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima anayejaza fomu zake zote mwenyewe. Apdeti ya kwanza ilimaliza bando langu la wiki usiku mmoja, umeme nao ukakatika katikati.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa inajulikana. Mwaka 2019 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha zana 14 kwa ajili ya watu kama mimi, wakaziita SeeingVR: kukuza sehemu unayoitazama, kuongeza kontrasti, kukoleza kingo za vitu, kupima umbali, kusoma maandishi kwa sauti. Tisa kati yake ziliweza kuongezwa kwenye programu iliyokwisha kutengenezwa, bila fundi wake kuifungua upya. Na Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, ina kisoma skrini cha VoiceOver na ukuzaji ndani yake. Ile huchagua vitu kwa kufuata macho yako, na macho yangu, kama ya wengi wetu wenye ualbino, huchezacheza yenyewe. Lakini wameweka njia ya kutumia kichwa, kifundo cha mkono au kidole badala yake. Ila ilitoka kwa dola 3,499. Hiyo ni zaidi ya milioni nane, bodaboda mpya mbili na chenji ya mafuta.

Jumamosi moja alikuja mwalimu mwenzangu asiyeona kabisa, anayefundisha nukta nundu. Akaivaa, akaishikashika, akasema, "Dada, nimevaa giza juu ya giza, sasa?" Menyu haikumsomea neno. Kijana akamfungulia mchezo wa kupiga mipira inayokuja kwa mdundo, na hapo akawa mtu mwingine. Sauti inatoka pale kitu kilipo, kushoto, kulia, juu ya sikio, na rimoti inatetemeka ukigusa. Alipata mipira mingi kuliko mimi. Ulipokwisha mchezo, kimya. Ilibidi aelekezwe arudi mwanzo kama mgeni stendi. Nikamweleza kwamba mwaka 2018 Microsoft hao hao walionyesha fimbo ya VR, Canetroller, inayofungwa kiunoni na kuwa na breki, ukigonga ukuta usiokuwepo mkono unazuiliwa kwelikweli na sauti unaisikia. Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo wamenitengenezea ukuta wa kugonga. Kuta za Mwanjelwa hazitoshi?" Halafu baada ya chai akarudia mwenyewe: kama ingekuwa na ramani ya stendi mpya ambayo hajawahi kufika, angeigonga chumbani kwake usiku mzima kabla ya safari.

Watu wameniuliza kuhusu kamera za nje, zile zinazokuonyesha chumba chako halisi huku umevaa. Kwa kuweka vitu pepe katikati ya vitu vya kweli ni burudani. Kwa kusoma mfuko wa unga, hapana. Jioni picha inajaa chembechembe, na lebo ya dawa niliisoma haraka zaidi kwa simu. Hapo simu inashinda, tena bila kuvaa nusu kilo usoni mbele za watu. Natumia kikuza cha kamera, na kwa karatasi ndefu natumia programu za kusoma maandishi kwa sauti, Lookout ya Google au Seeing AI, ambayo imefika kwenye Android tangu mwisho wa 2023. TalkBack, kisoma skrini cha Android, inanisomea kwa sauti ya Kiswahili, ingawa majina ya Kinyakyusa inayatamka kama mtu wa kuja. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua simu yenye kamera nzuri.

Lakini simu haikunipa ule ukuta. Hata video aliyoipiga kijana kwenye Daraja la Mungu kule Kiwira: nimefika pale mara tatu na wanafunzi, nimesikia maji, nimewaeleza lava ilivyopoa ikaacha upinde juu ya mto. Humu ndani niliuweka ukubwa wa ukuta wa kanisa, nikasogea mpaka ukingoni pale ambapo pale Kiwira hakuna mtu angeniruhusu kusimama, nikaona kwamba upande wa chini wa upinde una majani yananing'inia na matone. Wanafunzi wangu walikuwa wakiyaona miaka yote hiyo, hakuna aliyefikiri kunitajia.

Kijana anataka laki nne na nusu, pamoja na rimoti zote mbili na mkanda mpya. Nimempa bei ya laki tatu na nusu, nikamkumbusha nani alimlipia ada ya kidato cha tano. "Shangazi, hiyo si haki," anasema. Ramani ya Afrika Mashariki ameshaiskani, iko kwenye flashi mfukoni mwake, na hataki kuitoa mpaka tuelewane.