Paa la Bati au la Turubai: Kuchagua Gari la Milango Miwili Ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu wa korosho ukichangamka na malipo ya minada yakaanza kuingia benki, simu yangu nayo huchangamka. Ndugu na marafiki wananitumia picha za magari. Nyingi ni Noah na Probox, magari ya kazi. Lakini kila msimu hakosi mmoja aliyeangukia gari fupi la milango miwili, lililolala chini kama kenge, na swali lake ni lile lile: "Kaka, nichukue la kufunua paa au lenye paa lake?"

Nami humuuliza: litalala wapi?

Wengi hudhani nawatania. Sitanii. Mwenye banda la bati na geti, na anayeegesha chini ya mwembe wa jirani, hawafai kununua gari moja hata kama mifuko yao inalingana.

Tuelewane majina kwanza. Lile lenye paa la chuma lisilofunguka, Wafaransa walilipa jina ambalo midomoni mwetu linatoka kama kupe, yule mdudu wa ng'ombe, kwa hiyo hapa nitaliita la paa la bati. Linalofunuka nitaliita la kufunua. Hili la pili lina aina mbili: la turubai, na la bati linalojikunja kwa mota na kujificha nyuma ya viti. Kwa sisi wa pwani ya kusini, tofauti kati ya turubai na bati la kujikunja ni kubwa kuliko tofauti ya kufunua na kutofunua.

Jua, chumvi na salfa

Turubai la gari ni kitambaa kizito au vinili iliyoshonwa na kugundishwa. Huko lilikotengenezewa, gari hukaa gereji na jua lenyewe ni la miezi michache. Hapa linapigwa jua mwaka mzima. Rangi nyeusi inakuwa ya kijivu, nyuzi za mshono zinakatika, na kwenye mikunjo turubai linaanza kupasuka. Kwenye Mazda Roadster za mwanzo, za kuanzia 1989, kioo cha nyuma si kioo bali ni plastiki inayong'aa. Jua likishaichoma inakuwa na ukungu kama jicho lenye mtoto, na ukiikunja siku moja ya baridi inapasuka. Kuanzia toleo la 1998 waliweka kioo cha kweli, na hilo peke yake ni sababu ya kuyapita yale ya mwanzo hata kama bei inavutia.

Chumvi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Ukiishi Mikindani, Shangani au Lindi mjini karibu na ufukwe, upepo wa kusi unakuletea bahari mpaka kitandani. Gari la kufunua lina mifereji midogo ya kutoa maji ya mvua yanayoteremka pembeni mwa paa. Kwenye Roadster mifereji hiyo inapita nyuma ya viti, karibu na mikanda, halafu inatokea chini. Jani moja la mwembe likiziba hapo, maji hayatoki. Yanakaa ndani ya kizingiti cha mlango yakichanganyika na chumvi, na kizingiti hicho ndicho uti wa mgongo wa gari lisilo na paa. Rangi ya juu inang'aa, ndani chuma kinaliwa kama gogo lenye mchwa.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine zinasogea mpaka Mei. Kwa hiyo miezi ya kufunua paa kwa raha ni kuanzia Juni hadi Oktoba, na kwa saa za hapa ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Mchana usijidanganye. Usukani unaunguza, kiti cha ngozi kinaunguza, na kichwa chenye upara ndiyo usiseme. Bahati mbaya miezi hiyo hiyo ndiyo ya kupulizia mikorosho, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaanza. Ukiwa safarini kwenda Tandahimba saa hizo umefunua paa, utafika macho yanawasha na suti imebadilika rangi.

Lakini jioni, barabara ya kutoka Mtwara kwenda Mikindani, maji yamejaa, taa zimeanza kuwaka mji mkongwe, paa limefunuka? Hapo sina hoja. Anayenunua la kufunua ananunua nusu saa hiyo, na ajue hivyo.

Barabara

Gari likikatwa paa linapoteza ugumu wake. Watengenezaji hufidia kwa kuongeza vyuma chini, ndiyo maana la kufunua mara nyingi ni zito kuliko pacha wake wa bati, na bado kwenye barabara ya makorongo utaona kioo cha mbele kinatikisika. Lami ya Mtwara, Mnazi Mmoja hadi Lindi haina shida. Ukielekea Newala kwenye vipande vya vumbi, au Msimbati kwenye mchanga, ni habari nyingine. Magari haya yako kama sentimita 13 tu kutoka chini. Tuta la kijijini lililojengwa na wananchi wenyewe litakukwangua tumbo hata ukipanda kwa ubavu.

Na kama gari linashushwa bandari ya Dar es Salaam, hesabu zaidi ya kilomita 550 kulileta Mtwara. Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo upande wa Kilwa, malori yakapanga foleni. Gari la chini lije kiangazi.

Kodi

Watu wanaogopa cc na kusahau umri. Nipigie hesabu na mimi. Chukua gari ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wamelithamini, pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini, kwa shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Gari likipita miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 juu ya yote. Gari la cc 1800 lenye miaka 12 linalipiwa kama shilingi 99 kwa kila 100. Lile lile likiwa na miaka 6, ni kama 55. La cc 660 lenye miaka 12, ambalo halina ushuru wa cc, bado ni kama 92. Umeona? Injini ndogo imekuokolea shilingi 7 tu, umri umekula zaidi ya 40. Kuna tozo ndogo nyingine juu yake, na viwango huguswa kila bajeti mpya, kwa hiyo weka gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata dola moja Japani.

Hizo thamani wanapanga wao, si risiti yako. Kumwomba muuzaji akuandikie bei ndogo ni kujisumbua.

Mpangilio wangu

La kwanza kwangu ni Toyota Celica ya mwisho, iliyotoka 1999 mpaka 2006, yenye injini ya 1ZZ. Paa la bati. Najua wenye mapenzi ya mbio watacheka, kwa sababu inavuta kwa tairi za mbele na nguvu yake si ya kutisha. Wacheke. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Wish, Allion na Opa za cc 1800, yaani spea zake zipo, na fundi wako amekwisha kuifungua mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Mlango wa nyuma unafunguka wote, viti vinalala, unapakia gunia. Tairi za mbele zinazovuta zinakutoa kwenye mchanga ambako za nyuma zinachimba kaburi. Ubaya wake mkubwa ni ringi za pistoni kwenye 1ZZ za miaka ya mwanzo: zinakula oili. Chomoa kijiti, angalia kiwango, kisha mwombe mwenye gari akuruhusu uifuate kwa nyuma akipanda mlima. Moshi wa bluu ukitoka, punguza bei au ondoka. Iache ile yenye injini ya 2ZZ kama huna fundi anayeijua.

La pili ni la kufunua: Mazda Roadster ya bati la kujikunja, iliyoanza kuuzwa 2006. Paa linafunguka kwa sekunde kama 12, na buti halipungui hata likiwa limekunjwa, jambo ambalo magari ya bei kubwa zaidi yameshindwa. Uzito ulioongezeka haufiki kilo 40. Injini ni ya cc 1998, iko chini ya mstari wa 2000. Ukifunga paa unapata gari la bati kweli kweli, kisu hakikati, mvua ya Februari haiingii. Mota zake zikifa ndipo utakapojuta, kwa hiyo lifungue na kulifunga mara tano mfululizo ukiwa unalikagua, si mara moja ya maonyesho. Mwenye uwezo zaidi atafute Roadster RF ya kuanzia 2016. Ile inafunuka katikati tu, nyuma inabaki na mabega yake.

Toyota 86, na pacha wake Subaru BRZ, nimeiweka ya tatu na nimelaumiwa sana kwa hilo. Kama ni kuendesha peke yake ingekuwa ya kwanza bila ubishi: imetoka 2012, inavuta nyuma, injini imelala bapa chini kabisa, gari linaingia kona kama limeshikwa mkono. Lakini injini ni ya Subaru, na kubadilisha plagi tu ni kazi ya fundi mwenye subira maana zimejibana ubavuni. Zilizotengenezwa 2012 na 2013 ziliitwa na kiwanda zirudi kutengenezwa mwaka 2018 kwa sababu ya springi za valvu. Ukipata ya miaka hiyo, muulize muuzaji kama kazi hiyo ilifanyika, na akuonyeshe karatasi.

Ya nne, Toyota MR-S. Hii ni ya turubai, kioo cha nyuma ni kioo, na injini iko nyuma ya viti: 1ZZ ile ile, pamoja na ugonjwa wake wa oili. Ni nyepesi, kama tani moja, na inachekesha kuendesha. Buti hakuna, labda shati mbili na kanga. Chukua ya gia ya mkono tu. Ile yenye gia za kubonyeza bila klachi ina mfumo wa haidroliki ambao ukilala, huku kusini hutampata wa kuuamsha. Na MR-S ni ya mwenye banda, sibadilishi neno.

Daihatsu Copen inafunga orodha. Bati la kujikunja kwa umeme, cc 660 na taabo (turbo), sura ya kupendeza. Ukifunua, paa linalimeza buti lote. Mtu mrefu magoti yatagusa usukani. Kwa mwalimu anayekwenda kazini na kurudi hapa mjini ni gari zuri. Kwa safari ya Lindi nyuma ya malori ya saruji, sikutumi.

Kukagua la kufunua

Hili nimejifunza kwa fundi mmoja wa Mtwara, mzee asiyependa maneno mengi. Nilimpelekea gari la turubai la rafiki yangu, linang'aa kama sufuria mpya. Hakufungua hata boneti. Alipandisha tairi moja la mbele juu ya ukingo wa mtaro, akashuka, akafungua mlango. Ukakwama. "Mwanangu," akaniambia, "hili limeshalegea kiuno."

Fanya hivyo. Halafu inua kapeti nyuma ya viti na ulibonyeze kwa kidole. Likitoa maji au harufu ya uvundo, jibu umelipata. Chukua sumaku iliyovingirishwa kitambaa uipitishe kwenye vizingiti vya milango. Inapokataa kushika, hapo ni pati, si chuma. Mwaga ndoo ya maji taratibu juu ya mipira ya vioo ukiwa umekaa ndani. Kwa gari la kuagiza, soma karatasi ya mnada ya Japani: R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa, na herufi S kwenye mchoro wa bodi ni kutu. S nyingi ni gari la kaskazini kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Chumvi ya kwetu inatosha, usiagize nyingine.

Yaliyobaki nje

Fairlady Z ya cc 3500 ni tamu, ila kodi na petroli vitakufanya uiegeshe. Mercedes SLK za zamani paa lake linakwenda kwa haidroliki, na silinda zikianza kuvuja mafuta huanza kukudondokea kichwani.

Na Mazda RX-8, ambayo madalali wanaisifia kuwa ina cc 1300 tu. Injini yake ni ya kuzunguka, inakula oili kwa jinsi ilivyoundwa, na ina tabia moja isiyoendana kabisa na mji wetu. Ukiiwasha asubuhi ili kuisogeza tu kutoka juani hadi kivulini, ukaizima kabla haijapata moto, petroli inafurika ndani. Hapo itabaki chini ya mwembe mpaka fundi aje kuzikausha plagi.