Kampaundi ya magari kwenye gitaa jeupe lililoshika rangi ya jinzi: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnalitafuta hilo tu: imetoa. Haikutoa yote, lakini kilichobaki hukioni mpaka ulishike gitaa mkononi na kuligeuzageuza juani. Nilichotumia ni kampaundi laini, ile ambayo mafundi wa rangi za magari humalizia nayo kazi baada ya msasa wa maji. Kopo dogo nililipata soko la Kisekka, kwa wauza vipuri vya magari, kwa Sh 20,000 za Uganda, na sijafika hata robo yake.

Gitaa lenyewe ni la umeme, Stratocaster, weupe wake ni ule unaoelekea krimu. Napiga kanisani Jumapili, na wikendi tunaitwa kwenye harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kwa familia ya bibi harusi), Kampala hapa na mara nyingine Mukono. Bluu ilianzia mgongoni, pale mwili ulipochongwa bonde ili ukae vizuri tumboni, ikashuka hadi ukingo wa chini unaogusa paja nikikaa. Kwa mbali ungedhani ni uchafu wa jasho.

Kisa ni jinzi mpya. Indigo haiyeyuki kwenye maji, na haipenyi hadi ndani ya uzi. Hukaa juu juu. Ndiyo maana jinzi hupauka magotini, na ndiyo maana ukiisugua kwenye kitu cheupe huacha alama. Ikilowa jasho ndiyo mbaya zaidi. Sasa weka hapo ukumbi wa mabati saa nane mchana, mwimbaji hataki kumaliza wimbo, na wewe gitaa limekubana tumboni muda wote huo. Jinzi za mitumba za soko la Owino hazijawahi kunifanyia hivi, kwa sababu zimeshafuliwa huko zilikotoka hadi rangi ya ziada ikaisha. Ni hii ya dukani, ya bei, yenye bluu nzito inayokaribia weusi. Kwenye kwanjula tunavaa kanzu, kwa hiyo siku hizo gitaa hupumzika na jinzi.

Kabla ya kampaundi nilipita kwingine. Kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo kilitoa uchafu, bluu ikabaki palepale, tena ikaonekana vizuri zaidi. Kisha mafuta ya laita, yale ya laita za utambi, siyo gesi. Haya wapiga gitaa wengi huyaamini kwa sababu hayali rangi ya gitaa na hukauka upesi. Pamba ilitoka na usamawati, na ukingoni doa lilipungua kweli. Kwenye bonde la tumbo hayakufua dafu. Ukiyatumia fungua madirisha, na kama sigiri inawaka barazani, subiri izimwe kwanza.

Ndipo ikaja kampaundi. Tia kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa laini cha nyuzi ndogo, safi kabisa, kisicho na mchanga. Sugua kwa miduara midogo bila kukandamiza, kisha futa uangalie. Mara ya kwanza utadhani hakuna kitu. Baadaye kitambaa kinaanza kubadilika, kinakuwa na rangi ya kijivu yenye bluu, na hapo unajua unakula doa lenyewe. Geuza upande safi kila mara, la sivyo unalirudisha ulikolitoa. Kwenye kingo nenda taratibu sana, maana huko tabaka la rangi ni jembamba na ukizidisha utafika kwenye mti. Kuna sehemu ndogo karibu na kitufe cha mkanda ambayo niliiacha na bluu yake kwa sababu hiyohiyo.

Haya yote yamewezekana kwa sababu gitaa langu limepakwa poliesta, tabaka gumu, nene, ambalo doa hukaa juu yake. Magitaa mengi ya bei ya kawaida ni ya poliesta au poliyurethani. Rafiki yangu Mkongo, mpiga solo, ana gitaa la zamani lililopakwa naitroselulosi, au naitro kwa kifupi, nalo pia ni jeupe. Nilimkopesha kopo. Kwake kampaundi iling'arisha tu. Bluu ikang'aa pamoja na weupe! Naitro ni laini, rangi ya nguo huingia ndani yake, na huwezi kuitoa bila kutoa tabaka lenyewe. Magitaa ya Gibson yanayotengenezwa Marekani bado hupakwa naitro, kwa hiyo mwenye nayo nyeupe afikirie suruali kabla hajafikiria dawa. Huyu ndugu ameamua kuliacha hivyohivyo, anasema linaonyesha limefanya kazi. Simpingi.

Hujui lako ni la aina gani? Fungua plastiki inayolinda uso wa gitaa, au kifuniko cha mgongoni, halafu gusa sehemu ya ndani isiyoonekana kwa kijiti cha pamba chenye asetoni kidogo, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Naitro italainika na kunata papo hapo. Poliesta haitashtuka. Ila asetoni iishie hapo hapo mafichoni, usiipeleke kwenye doa. Spiriti nayo naitro haiipendi. Na kuna mtu alinishauri Jik. Ni kweli Jik huua indigo, lakini ikifika kwenye skrubu na daraja la nyuzi inaleta kutu, na gitaa siyo shati.

Fundi mmoja wa magitaa hapa mjini, kabla hata ya kuligusa, aliniambia dawa ni kulikwangua na kulipaka upya lote. Bei aliyotaja ilikaribia ya gitaa lenyewe. Labda kwa naitro iliyoharibika vibaya ana hoja. Kwa doa la jinzi kwenye poliesta ni kumalizia mtu pesa bure.

Kasoro za kampaundi ninazo mbili. Kwanza, nyingine zina silikoni, na silikoni ikibaki kwenye gitaa, siku utakayotaka kulipaka upya rangi itakataa kushika na kufanya vishimo vidogo vidogo. Wauzaji wengi hawajui kilichomo, kwa hiyo soma kopo mwenyewe au muulize mpiga rangi, yeye hukwepa silikoni kila siku. Pili, inang'arisha kila inachogusa. Gitaa lisilong'aa, la mati, litatoka na kiraka kinachometameta katikati, na hicho hakirudi. Mgongo wa shingo yangu ni wa mati, kwa hiyo sikuupitisha kabisa; pale natumia mafuta ya laita tu.

Kwa poliesta nyeupe inayong'aa naipa nyota nne kati ya tano. Kwa naitro au mati, usinunue.